Nani Kamtuma Futa?

Novemba 1999, kijiwe cha Sokon One, benchi la Saadi muuza kahawa. Nina digrii ya kompyuta na viatu vilivyotoboka. Eti uchumi umefunguliwa, labda kwa mlango wa nyuma. Lakini siku hiyo nilikuwa nawaka. Kampuni moja ya utalii pale Kijenge ilinipa mtihani: programu yao, iliyoandikwa kwa lugha ya Perl, inafuta booking za wageni yenyewe. Nikimpata mkosaji kabla ya saa kumi, kazi yangu. Ilikuwa saa tisa.

— Programu ina vijisehemu, kila kimoja na jina lake, niliwaeleza. Vinatumana kazi. Kinachofuta jina lake futa. Sasa nani anakituma? Viko arobaini!

— Wawekezaji hao, alisema Gadiel, tuliyemwita Ubinafsishaji tangu kiwanda kiuzwe naye apunguzwe. Wanapita kwenye waya wa simu. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Waya gani! akadakia Mzee Twahir, Nabii wa kijiwe. Ni mwaka elfu mbili! Mashine zimeuona unakuja, zimepagawa. Zitatufuta mmoja mmoja tuishe. Haba na haba hujaza kibaba!

— Mzee, shikamoo yako iko palepale, but please! Ndani ya futa nimeandika amri ya caller, na sifuri kwenye mabano, initajie mhusika. Inajibu nini? Futa! Kila nikiuliza, futa!

— Kama mpiga hodi, Saadi akacheka. Unauliza nani, anajibu mimi.

— Exactly!

— Basi ina jini, Nabii akahukumu.

Namnyaki, mama wa maziwa kutoka Olmotonyi, alikuwa ametua galoni lake pembeni.

— Mwanangu, mtoto wa jirani akija kwangu kuomba chumvi, namuuliza nani kakutuma. Wewe jina lake unaliulizia nini, na unalijua?

Ubinafsishaji akamtazama Nabii. Nabii akatazama kahawa.

Sifuri ni futa mwenyewe! Moja ndiye aliyemtuma! Nilitimka mpaka Kijenge, nikafuta sifuri, nikaweka moja.

Kioo kikaandika: safisha_zamani. Kazi yake kuondoa safari zilizopita. Wageni wa Januari wameandikwa mwaka 00, yaani elfu mbili. Chenyewe kinasoma 1900, kinawaona marehemu, kinamtuma futa.

— Jumatatu uanze, bosi akasema. Na hicho nini?

Mkononi bado nilikuwa na kikombe cha Saadi. Kukirudisha si kazi. Kazi ni kumwambia Nabii kwamba, for once, alipatia.