Kipande cha Mninga cha Raheli Kitundu

Ndugu waombolezaji, haya yameandikwa na mume wa marehemu, na yanasomwa kwa niaba ya familia.

Raheli Kitundu alizaliwa tarehe 3 Juni 1985 kijijini Kinampanda, mtoto wa tatu wa mzee Elia Kitundu, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi 1999, sekondari Kiomboi hadi 2003, na mwaka 2005 akahitimu useremala Singida mjini, msichana pekee darasani. Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na Leonard Msengi, mwalimu wa fizikia, wakajaliwa watoto wawili, Kristina aliyezaliwa 2011 na Frank aliyezaliwa 2015.

Karakana yake ya Kiomboi ilianza kwa vitanda na milango, lakini tangu 2018 alijulikana zaidi kwa kupamba magari ndani kwa mbao, kazi aliyoifanya kwa msumeno, randa na msasa, bila mashine. Mapambo ya gari moja aliyatoa kwenye ubao mmoja wa mninga, ili mistari ya mti ianze mlango wa kushoto, ipite kwenye dashibodi, iishie mlango wa kulia bila kukatika, na kipande kilichobaki alikiandika jina la mwenye gari kwa penseli, akakitundika ukutani, kusudi siku pambo likipasuka ajue rangi ya kufuata.

Machi 2023 alipamba Noah nyeupe ya Laurian, dereva wa Kiomboi, ambaye siku ya kuichukua alimtania mbele ya watu, "Mama Kristina, umeniwekea kabati, sasa sahani nipange wapi?" naye akamjibu, "Wewe shika usukani, sahani anazo mkeo."

Tarehe 14 Agosti 2024 Laurian alikutwa vichakani karibu na Mungaa, mikono imefungwa kwa katani, waya umezama shingoni, meno ya mbele yamevunjwa, na gari halipo. Februari 2025 gari lilikamatwa limepakwa rangi nyeusi, namba ya chesisi imesagwa, lakini mbao wezi hawakuzing'oa, pengine kwa sababu zilikuwa nzuri. Raheli alilitambua kwa kupitisha kidole mlangoni, akaandika maelezo polisi, watu wawili wakashtakiwa kwa mauaji, naye akatakiwa kufika mahakamani tarehe 20 Oktoba na kile kipande, ili mistari ionekane ikiungana na ya gari.

Septemba zilianza simu za vitisho. Mumewe alimsihi asiende, akamkumbusha watoto, naye akasema, "Baba Kristina, mke wa Laurian naye ana watoto." Jumapili ya tarehe 5 Oktoba, baada ya ibada, mumewe alipitia karakana peke yake, akakichukua kipande, akakificha nyumbani nyuma ya vitabu bila kumwambia, akidhani kwamba pasipo kipande hakuna ushahidi, na pasipo ushahidi hakuna atakayemgusa.

Jumanne, saa nne asubuhi, wanaume watatu waliingia karakanani wakidai kipande cha Laurian. Raheli aliutazama ukuta, akakikosa, akawaambia hajui kilipo, na hawakumwamini. Walimpiga kwa nyundo yake mwenyewe wakamvunja mbavu, wakamkata mikono yote miwili kwa panga juu ya benchi la kazi, wakamwaga vanishi, wakawasha moto. Kama angekiona angewapa au asingewapa, familia haitajua.

Alhamisi, hospitalini, alipopata fahamu, mumewe alimweleza kila kitu. Akasema, "Kipeleke hivyo hivyo. Usikipige msasa." Alifariki Jumamosi, tarehe 11 Oktoba 2025, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka arobaini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania uhai wake siku nne, majirani waliozima moto kwa ndoo, walimu wanaofundisha na Leonard, Akash wa duka la vifaa vya ujenzi Singida mjini, na mafundi waliochonga jeneza hili kwa mninga, mistari ikifuatana kama yeye alivyofanya.

Jumatatu ijayo Leonard atasimama mahakamani na kipande hicho, ukingo ukiwa bado na alama za meno ya msumeno wa Raheli, jina la Laurian likiwa kwa mwandiko wake Raheli.

Raheli, hakijapigwa msasa. Pumzika kwa amani.