Kibuyu Kilichonipita

Ndugu zangu wa chama chetu cha kusaidiana, nimeombwa niseme, nami nitasema jambo ambalo sisi wanaume wa Gulwe hatulisemi: habari ya mkojo. Mwenye haya atazame chini, ila masikio ayaache huku.

Mnanijua. Ndimi karani wa reli niliyerudi kutoka shule ya serikali kule pwani, nikauliza maswali mpaka mkachoka. Reli ilipokuwa ikijengwa hapa, nilianza kusikia moto chini ya kitovu. Nikienda kichakani nasimama sana, yanatoka matone, na nikirudi tu nataka kwenda tena. Msimamizi Mdachi akaniuliza kama nimeficha mke huko. Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Nikajiambia: nisipokunywa, sitakojoa. Nikaacha maji, mchana kutwa juani. Na jioni, desturi yetu mnaijua. Kibuyu cha pombe kinazunguka, na anayekipisha ni kama amewaambia wenzake kwamba wana sumu. Nilikipisha, mkanitazama. Baadaye nikaacha kuja. Ninyi wa Kondoa msiogusa pombe, hata kahawa yenu niliikimbia. Nilikaa mlangoni kwangu, ulimi umekauka, nikivisikiliza vicheko vyenu. Mkojo uliniuma, lakini nawaambia, vile vicheko viliuma zaidi.

Mganga mmoja alisema ni mzimu wa baba. Nikamwuliza, "Wale uliowatibu wasipone, wako wapi?" Akafunga mkoba wake. Mwingine akasema ni wanawake wa pwani. Mimi nami nilisema haya ni maradhi ya wazee, hayanihusu. Hakuna aliyejua, ila kila mmoja alikuwa na hakika.

Siku moja mjomba wangu, kaka yake mama, akanifuata mpaka nyuma ya zizi.

"Shikamoo, mjomba."

"Kaa nayo hiyo shikamoo. Mwana wa dada yangu, umesoma mpaka mate yetu yanakutia kinyaa?"

Nilikuwa nimekwisha kulegeza nguo, nasubiri. Akasimama kando yangu, naye akalegeza yake. Tukasubiri. Mbuzi wakatutazama. Hakikutoka kitu, si kwangu si kwake.

"Kumbe," akasema polepole. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mavuno. Na wewe?"

"Zamani. Nilidhani niko peke yangu."

Tukaenda Mvumi kwa miguu, kwa daktari wa misheni, tukisimama karibu kila kichaka. Aliniambia nilale ubavu, nikunje magoti, akapaka kidole mafuta. Nikamwambia, "Ugonjwa uko mbele. Huko nyuma unatafuta nini?"

"Tezi iliyo chini ya kibofu," akasema. "Kila mwanamume anayo, na kwa mbele haifikiki." Akaibonyeza, nikaruka kama mbuzi.

Ya mjomba ilikuwa imekua kwa uzee, haina maumivu, imeubana mkojo. Yangu imevimba na ina usaha. Dalili zinafanana, maradhi ni mawili. Nikauliza kama nitapona. Akasema, "Sijui. Haya bado tunajifunza. Tutajaribu, kisha tutatazama." Ndugu zangu, alikuwa mtu wa kwanza kuniambia hajui, nami kwa sababu hiyo nikamwamini.

Nikawa nakalishwa katika beseni la maji ya moto, naye akaikamua ile tezi, jambo nisilomwombea mtu. Akaniamuru ninywe maji mengi, yaani kinyume cha akili zangu zote. Usaha ukapungua, moto ukazimika kidogo kidogo. Mjomba hakupona. Kuikata tezi yake daktari aliogopa, akamfundisha kujitoa mkojo kwa mpira mwembamba.

"Waambie mpira wauchemshe kwanza!" Huyo anayepiga kelele pale nyuma ndiye mjomba mwenyewe. Haya, wamesikia.

Namshukuru daktari yule. Namshukuru mjomba, aliyekuja kunigombeza akabaki kusimama nami. Nawashukuru ninyi mlionirudishia nafasi yangu bila kuniuliza nilikuwa wapi. Ila ningependa mngeuliza. Usiache maji kwa kuogopa mkojo. Na leo jioni kibuyu kikizunguka, mkaona mtu amekipisha, msiseme anatudharau. Ainuke mmoja wenu, amfuate nyuma ya zizi, asimame naye.