Vidonge vya Siku ya Nne

Waombolezaji, ndugu yetu fundi cherehani, ambaye wengi mlimwita Sentimita kwa sababu futi haikumtoka shingoni, alizaliwa tarehe 4 Machi 1971, mtoto wa pili na wa mwisho, akitanguliwa na dada yake, ambaye ndiye anayewasomea karatasi hii.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1985, na mwaka 1990 akaajiriwa katika kiwanda cha sare za shule, kwenye mashine ya dirishani, akakaa hapo hadi mwisho. Tarehe 12 Juni 1999 alifunga ndoa, wakajaliwa mabinti wawili, na dada huyu hakuwahi kumpenda wifi yake, hilo mnalijua.

Tangu jana kuna midomo humu ndani inayosema mke kamlisha kitu, shangazi mmoja ameuliza kwa sauti ni mkono gani uliokoroga uji wa mgonjwa, na wasiouliza wametikisa vichwa. Ifungeni midomo hiyo, ukweli usomwe.

Marehemu alisumbuliwa na njia ya mkojo miaka mingi, kila mara alipewa dawa za siku saba, siku ya nne akishapata nafuu dada yake humwambia mtu mzima wa afya hanywi dawa, weka akiba, na homa ikirudi hivyo hivyo vilivyobaki ndivyo alivyomeza. Mkewe aligomba, akajibiwa na dada huyu, tangu lini muuza nyanya akawa daktari.

Mtaalamu wa maabara alieleza polepole kwamba bakteria wakizaliana hukosea kunakili vinasaba vyao, na mmoja mmoja kosa lile humgeukia ngao, sasa dawa ikikatizwa hufa wanyonge, wenye ngao wakabaki kuzaa wenzao, mpaka dawa ikawa kama maji. Dawa nne zilishindwa, maradhi yakaingia kwenye damu, akafariki tarehe 9 Mei 2022, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika.

Basi dada huyu anakiri mbele za Mungu na mbele ya jeneza hili, mkono mnaoutafuta ni wake, hakujua, lakini aliambiwa akaziba masikio. Anayetaka kumfukuza mjane na wanawe katika nyumba ile, aanze na dada.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao baadhi yenu mliwatukana wodini, majirani waliotuchotea maji, na wenzake wa kiwandani, nao tunawasihi, dawa mkiandikiwa mzimalize.

Mdogo wangu, pumzika kwa amani, mimi ngoja nikamwombe mkeo msamaha.