Maji Niliyompelekea Mjukuu Wangu

Akina mama wenzangu, na ninyi akina baba wachache mliofuata harufu ya chai, asanteni kwa kunipokea. Nimeombwa kushuhudia mara mbili nikakataa. Leo nimekubali kwa sababu mmoja wenu aliniambia, "Wewe simama tu. Hata ukilia tutakusubiri." Basi mkiniona nalia, nisubirini.

Mnanifahamu. Ni mimi niliyekuwa nawaletea maji ya chupa. Harusi za hapa Moshono, kipaimara, misiba, nani hajanywa maji yangu? Naona mmeanza kutazamana. Ngojeni, tutafika.

Mimi mzaliwa wa mlimani, huko kwenye kahawa na migomba. Kwetu meno ya kahawia hayakuwa ugonjwa. Ukikutana na mtu stendi ya Dodoma akacheka, unajua huyu ni wa nyumbani, unamsalimia. Tuliambiwa ni maji ya mlima, tukaridhika. Siku ya kupiga picha tulifunika mdomo kwa kiganja, maisha yakaendelea.

Mume wangu alipofariki nilitafuta kitu cha kufanya kwa mikono yangu. Nikaanza kuokota chupa tupu ukumbini baada ya sherehe. Naziosha kwa maji ya moto na sabuni, nazitazama kwenye mwanga, yenye doa natupa. Maji nateka kwenye kisima cha jirani. Nayachemsha kwenye sufuria kubwa mpaka yapungue vidole viwili. Ndugu zangu, nawaambia, sikuwa mvivu! Yakipoa nachuja kwa kitambaa cheupe, najaza, halafu kizibo nakivisha ile plastiki yake, naibana kwa mashine ya kukaushia nywele niliyopewa na mwenye saluni. Lebo ya kiwanda ilibaki pale pale kwenye chupa. Sikuibandua. Huo ulikuwa uongo, leo nautaja kwa jina lake. Wakati ule nilijiambia, maji yaliyochemka hivi yana ubaya gani?

Kisha mwanangu akaoa. Mkwe wangu ametoka Tukuyu, kwenye mvua za mwaka mzima, na ana adabu mpaka unaona vibaya kumtuma. Alipojifungua mjukuu wangu wa kwanza akaniambia taratibu, "Mama, nasikia maji ya huku yana madini yanayoharibu meno ya watoto. Huyu nitampa ya chupa tu, yale ya kiwandani."

Moyoni nikaguna. Maji yaliyonilea mimi, yakamlea na mume wake, leo yamekuwa sumu? Lakini nilikuwa nimeshampenda yule mtoto kupita kiasi. Nikamwambia, "Usihangaike mwanangu, maji nitaleta mimi."

Na nikaleta. Kila Jumamosi, katoni kichwani, mpaka kwao Daraja Mbili. Nilikuwa nachagua chupa nzuri kuliko zote. Uji wake, maji yake ya kunywa, hata dawa ya unga ya kukoroga, vyote vilitengenezwa kwa maji yangu. Mkwe wangu akawa anawaringia majirani, "Mama mkwe kama huyu mtampata wapi?" Nami nikawa natabasamu, kiganja mdomoni.

Mtoto akafika miaka saba. Meno ya utoto yakang'oka, ya ukubwani yakaota. Yakaota na madoa ya kahawia, kwanza mawili ya mbele, halafu na yaliyofuata.

Tukaenda kwa daktari wa meno, mimi, mkwe wangu na mtoto. Daktari akauliza, "Tangu mdogo amekunywa maji gani?"

Mkwe wangu akajibu haraka, kama mwanafunzi anayelijua jibu. "Ya chupa tu, daktari. Mama ndiye anatuletea."

Mimi nikaangalia viatu vyangu. Nikaokoteza swali moja tu: "Na yakichemshwa je?"

Daktari akacheka kidogo. "Mama, wewe unapika kila siku. Umewahi kuchemsha mchuzi, chumvi ikaisha?"

Jamani! Miaka arobaini napika. Mchuzi ukipungua, chumvi inazidi, mtoto yeyote wa jikoni anajua. Akanieleza kwamba kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi, hayo madini yanayotia meno madoa, haiendi popote, inabaki mle mle sufuriani. Na mimi nilikuwa nayapunguza vidole viwili, kwa bidii zote.

Nilitoka na siri yangu. Mkwe wangu alikwenda dirisha la dawa, nikabaki na mjukuu wangu kwenye benchi. Akanivuta kitenge. Akaniambia, "Bibi, fungua mdomo." Nikafungua. Akatazama meno yangu, akagusa yake kwa kidole, akacheka kwa furaha kabisa. "Bibi, sasa tumefanana!"

Nisubirini kidogo.

Haya. Mchana ule ule, jikoni kwao, tukimenya ndizi, nilimwambia mkwe wangu yote. Chupa za ukumbini, kisima, mashine ya nywele, yote. Akaweka kisu chini. Ndizi zikaanza kuwa nyeusi kwenye sinia. Halafu akasema, "Mama, ungeniambia tu kwamba si ya kiwandani. Ningetafuta mwenyewe."

Basi, hakupiga kelele. Jumamosi nilipokwenda kumsalimia mtoto nilikuta katoni yangu ya mwisho imewekwa nje ya mlango, imejaa vilevile. Afadhali angenitukana.

Niliacha ile kazi. Mashine ya nywele nikairudisha saluni. Nikaanza kuwapitia mlangoni ninyi niliowauzia, mmoja mmoja, kuwaomba radhi. Mmoja alifunga mlango, nami sikumlaumu. Mmoja alinikaribisha chai, akasema, "Sasa umeshajua yalipo makosa, utakaa unalia au utajifunza?" Mama huyo yupo humu, ameinamisha kichwa, simtaji. Ndiye aliyenipeleka kwa fundi wa chujio la mkaa wa mifupa. Ndiyo, mifupa ya ng'ombe! Inachomwa, inasagwa, inaoshwa, maji yanapita humo, floraidi inabaki. Siku ya kwanza nilikataa, nikasema mimi si fisi. Fundi alicheka mpaka akakaa chini.

Nikafunga chujio nyumbani. Nikapeleka maji kupimwa, majibu nikampelekea mkwe wangu. Wakati huo alikuwa na mimba ya pili. Akasoma karatasi, akasema, "Mama, nakupenda, lakini kwenye maji nitaiamini karatasi." Nikamjibu, "Na iwe hivyo." Kila maji yakipimwa nikapeleka karatasi. Mwezi hadi mwezi anapokea, ananipa chai, maji haombi. Mtoto akazaliwa, wa kiume, maji haombi. Nami sikumsukuma.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama wa chai, na fundi, na daktari aliyenifundisha kupika uzeeni. Wenzangu, nina neno moja la kuwaachia. Usimpe mtu kitu kwa lebo isiyo yake, hata kama unampa kwa upendo, maana upendo wangu ulikuwa wa kweli na meno yameharibika vilevile. Maji yakimwagika hayazoleki. Mjukuu wangu atakua na meno yale, nami kila akicheka nitayaona.

Alikuwa ameanza kufunika mdomo kwa kiganja kama mimi, lakini siku hizi anacheka bila kufunika. Nilimwomba hivyo, akasema, "Basi na wewe, Bibi." Ndiyo maana leo mnaniona meno yote.

Na wiki iliyopita, Jumatano, nilikuwa nafua uani. Nikasikia hodi. Ni mkwe wangu, mtoto mgongoni, sasa ameanza uji. Mkononi ameshika dumu tupu, limeoshwa, halina lebo yoyote.

Akasema, "Shikamoo Mama. Naomba unijazie."