Madam Mutindi na Zile Dakika Kumi

Kompyuta nilimfundisha mimi. Kwa miaka thelathini na miwili ambayo Mutindi Kaloki ameufanyia kazi Ushirika wa Wakulima wa Ndengu wa Kyeni, hadi Ijumaa hii tarehe 29 Agosti 2025 anapostaafu, sijawahi kujisifu kwa hilo.

Basi, huo ni uongo, na wote walio ofisini wanaujua. Nilichomfundisha ni mahali soketi ilipo. Kompyuta ya kwanza ilipofika hapa Machakos ikiwa ndani ya boksi, meneja wa wakati huo alisoma kitabu cha maelezo asubuhi nzima, mimi nikashika tochi chini ya meza, na Mutindi, aliyekuwa mpiga chapa tu, akaiwasha. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita mpiga chapa tena. Mimi niliacha shule darasa la sita, nikawa tarishi wa ofisi hii nikiwa bado na meno yote. Walinistaafisha mwaka wa 2019, lakini kwa kuwa barua ya kunistaafisha nilipewa mimi mwenyewe niibebe, sina hakika kama ilifika. Bado nakuja siku tatu kwa wiki.

Mutindi alikuja mwaka wa 1993 kutoka kwao Ndithini, akiwa na sketi ya kijani na cheti cha kupiga chapa alichokifunga kwa nailoni kisilowe. Alianza na barua za wakulima, akapewa faili za wanachama, kisha barua pepe ilipoingia akawa ndiye posta, ndiye stempu, ndiye mwenye ufunguo wa sanduku. Hapo tulikosana karibu mwaka mzima. Barua niliyokuwa napeleka Tala kwa siku nzima, nikisimama kidogo kuangalia mashati ya mitumba, yeye aliifikisha kabla sijavaa kofia. Nikamwambia amenikata miguu. Akanijibu bila kuinua macho, "Mzee Kimeu, hiyo miguu yako ilikuwa inapotelea sokoni." Ni kweli ilikuwa inapotelea huko.

Wengine wetu barua zikikwama tunaipiga kompyuta makofi kama redio ya zamani. Yeye hukaa kwanza. Huuliza, "Umegusa nini?" Nzisa wa uhasibu hujibu kila mara, "Sijagusa kitu, Madam." Na kila mara Mutindi hukuta programu ya barua imeamriwa ifanye kazi bila mtandao, kwa sababu Nzisa alikuwa akipangusa vumbi kwenye kibodi bila kuizima. Huirudisha, anaondoka. Muthoka wa nyanjani naye aliwahi kutuma picha arobaini za wadudu wa ndengu katika barua moja. Barua hiyo ikaziba mlango, na za wenzake zikapanga foleni nyuma yake siku mbili. Mutindi akaitoa, akapunguza ukubwa wa picha, zilizobaki zikatoka mbio. Akamwambia Muthoka, "Mdudu mmoja anatosha. Wengine tunawaamini."

Mwingine, ambaye simtaji kwa kuwa ndiye atakayegawa soda leo, aliona barua haziingii akafuta akaunti nzima kwenye programu aanze upya. Barua za miaka sita zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya mashine ile peke yake. Tulimwona akigeuka rangi. Mutindi akafungua kabati, akatoa diski ya nakala anayoijaza kila Ijumaa mchana, akamrudishia zote. Kisha akamwambia asifute kitu kabla ya kuuliza, kwa sauti ile ile anayotumia kuuliza kama kuna chai.

Siri za watu amezilinda kama anavyolinda mbuzi wake. Alizuia picha za ndani ya barua zisijifungue zenyewe, akatueleza kwamba nyingine humrudishia aliyezituma habari kuwa fulani amefungua, saa ngapi na akiwa wapi. Mimi nilidhani ananitisha. Alibandua karatasi zote za nywila tulizokuwa tumebandika kando ya skrini, ikiwemo yangu, ambayo ilikuwa jina la ng'ombe. Na barua ya kwenda kwa wanachama aliituma majina yao yakiwa yamefichwa, kila mmoja aone lake tu. Mwenyekiti wetu alikataa utaratibu huo. Alisema wanachama ni ndugu na ndugu hawafichani. Ilani ya mkutano mkuu wa Juni akaituma mwenyewe, majina mia nne na kumi na mawili yakiwa wazi kama nguo kwenye kamba.

Lililotuudhi kuliko yote ni zile dakika kumi. Mutindi aliweka amri katika kila kompyuta kwamba barua ukishaituma isiondoke. Ikae dakika kumi kwenye sanduku la kutokea, ndipo iende. Tulilalamika mpaka kwenye kamati. Nikauliza kama barua nazo zinakunywa uji. Akasema, "Hazinywi, mzee. Wewe ndiwe unywe, huku ukikumbuka ulichoandika."

Sasa nieleze jambo ambalo yeye hajamwambia mtu tangu Juni.

Nina binti, Ndunge, anayeshona nguo kiwandani huko EPZ Athi River. Hatujasemezana tangu tulipomzika mama yake, miaka minne sasa, na kosa ni langu. Lilitokea palepale kaburini. Ni la watu wawili, kwa hivyo haliingii katika karatasi hii. Namba yangu aliifunga. Binamu yake akanipa anwani yake ya barua pepe, na siku moja wenzangu walipoenda kula nikaketi kwenye kompyuta ya mapokezi, nikaandika kwa vidole viwili kumwomba msamaha. Ilinichukua saa nzima na kitambaa.

Sisi matarishi hatutupi bahasha. Bahasha ya kaki ikishafika, unakata jina la zamani kwa kalamu, unaandika jipya chini yake, inaanza safari nyingine. Nazijua bahasha zilizotembea kuliko meneja. Basi nikafanya hivyo hivyo. Nikafungua ile ilani ya mwenyekiti, nikabonyeza alama ya kujibu yenye mishale miwili, nikafuta maneno yake yote, nikaandika yangu, nikaweka anwani ya Ndunge mbele. Majina mengine niliyaona. Nikadhani ni ya mahali bahasha ilikopitia.

Nikatuma. Nikaenda kumuuliza Mutindi nitajuaje kama imefika. Akaja, akaangalia juu ya skrini, akachukua faili la maombi ya mbegu akafunika maneno yangu yote, yakabaki majina tu.

"Mzee, hii unamwandikia nani?"

"Mtu mmoja."

"Mtu mmoja, na wengine mia nne na kumi na wawili?"

Wajomba watatu wa Ndunge ni wanachama hapa. Nilikuwa karibu kumwaibisha mara ya pili, safari hii mbele ya ukoo wa mama yake na nusu ya kaunti. Mutindi akatazama saa ya ukutani. Dakika saba zilikuwa zimepita. Aliitoa barua kwenye sanduku la kutokea, akafungua ukurasa mpya usio na jina la mtu, kisha akageuza kiti chake akaangalia mlango. Akaniongoza hivyo hivyo, mgongo kwangu. Shika hapa na hapa, yote yatachaguliwa. Sasa nakili. Sasa bandika. Andika anwani moja. Isome tena polepole.

"Husomi?" nikamuuliza.

"Nitasoma ya nini, mwaitu? Si yangu."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Hajawahi kunieleza kwa nini aliniita hivyo, na mimi sijamuuliza. Barua ikakaa dakika zake kumi, ikaenda kwa mtu mmoja. Wiki iliyofuata mwenyekiti naye akaanza kuficha majina. Alichoambiwa sikijui, ila najua hakuambiwa kuhusu mimi, maana angenicheka hadi leo.

Madam Mutindi, ushirika unakushukuru. Nzisa ameahidi kuzima kibodi kabla ya kuipangusa. Swabra, anayechukua kiti chako, anajua mambo haya kuliko sisi sote tukiunganishwa, na ile diski ya Ijumaa ameshakabidhiwa. Nenda Ndithini ukalale mpaka jua likuguse miguu. Mbuzi wako wazae mapacha, magoti yako yapone, na simu yako ilie tu wakati wajukuu wanataka hadithi. Tunakutakia kila lililo jema, nimuvea, asante sana.

Ila kuna kitu kimoja. Mwaka ule wa mvua kubwa nilikubebea printa begani kutoka barabarani hadi ofisini, nikiifunika kwa koti langu na mimi nikilowa, ukasema, "Mzee, nitakulipa siku moja." Sikukukumbusha, kwa sababu sikuwa na la kutaka. Jumatatu hii Ndunge amejibu. Jina lake liko pale juu kwa wino mzito, maana yake haijafunguliwa, na wiki hii nimekuja kila siku, leo ni siku ya tano napita kando ya ile kompyuta kama mwenye deni. Najua kuifungua. Kitufe nakijua. Tafadhali, Jumanne ukija kuchukua vitu vyako, njoo kabla ya saa nne, ukae karibu nami mpaka nimalize kusoma.