Hajera Khatun na Utenzi Usiopunguzwa Neno

Marehemu Hajera Khatun alizaliwa tarehe 12 Machi 1944 kijijini Dhuldia, Kishoreganj, mtoto wa pili wa Munshi Torab Ali. Baba yake alikuwa mtunzi na msomaji wa puthi, zile tenzi ndefu za Kibengali zinazosomwa uani kwa sauti ya kuimba. Hajera aliirithi sauti hiyo, na ubishi pia.

Alisoma shule ya kijijini, kisha sekondari ya wasichana mjini Kishoreganj, akamaliza mwaka 1961.

Tarehe 8 Februari 1963 aliolewa na Mwalimu Mofizul Haque. Sandukuni alikuja na kitabu cha puthi alichokitunga baba yake. Kwa kuwa vitabu hivyo hufunguliwa kutoka kulia kama msahafu, mama mkwe alidhani ni cha dini. Alikifunga kitambaa, akakiweka juu ya kabati, akawa anakibusu kila alfajiri. Siku bibi harusi alipokisoma, kumbe ni habari za binti mfalme kutoroka na mpenzi wake.

"Astaghfirullahi! Na mimi nabusu haya!" Kisha mama mkwe akavuta mkeka. "Haya, mwanangu, soma. Walikamatwa?"

Hajera alifundisha Kibengali tangu 1965 hadi 2004. Zama nchi yetu ilipokuwa chini ya Pakistani, wakubwa waliukataa utenzi ule wa baba yake darasani kwa sababu ni wa Kibengali mno. Baada ya uhuru, mwaka 1974, kamati ya vitabu ilikubali kuuchapa, mradi maneno ya Kiarabu na Kiajemi yatolewe, ati yanachafua Kibengali. Hajera akagoma.

"Mama Laili, ni maneno machache tu," mumewe alimsihi. "Jina la baba yako litasomwa nchi nzima!"

"Baba Laili, maneno hayo ndiyo tunayotumia kugombana humu ndani kila siku. Leo si lugha yetu?"

Utenzi haukuchapwa. Ilimuuma sana, na wapo waliomwita mkaidi.

Mwalimu Mofizul alitangulia mwaka 1998. Juni 2022 Hajera alipata kiharusi, akawa anasema kwa shida. Oktoba mwaka huu mjukuu wake alimletea habari kwamba utenzi umekubaliwa shuleni.

"Wametoa... neno gani?"

"Hakuna, Bibi."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Alilia, kisha akaomba chai. Alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 3 Novemba 2023.

Ameacha binti yake Laili, mwanawe Monirul, wajukuu watano, na watoto wa darasa la saba watakaouanza utenzi ule Januari. Hakujaliwa kuwasikia. Mwenyezi Mungu amlaze pema. Pumzika, Mama, tutausoma wote.