Kaka Yangu na Unga Unaoitikia Sumaku

Kaka yangu, ambaye leo tunamzika, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe. Mimi nilimfuata baada ya miaka sita. Mama alikuwa akisimulia kwamba kaka alipoonyeshwa kichanga aliuliza, "Mna hakika ni wetu?" Nasoma wasifu huu kwa ombi lake mwenyewe. Kwa nini alinichagua mimi, nitafika hapo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya bweni, ambako alitia alama ya wino kwenye kipande chake cha sabuni ili ajue kama kuna anayeogea sabuni yake. Alikuwapo. Chuo kikuu alisomea kemia, akahitimu mwaka 1982.

Tarehe 22 Agosti 1987 alifunga ndoa na muuguzi. Kabla ya posa alipita kwa majirani watatu kumpeleleza bibi harusi. Kumbe shemeji alikuwa ameshapita kwa watano. Walipatana sana, na Mungu akawajalia mabinti wawili.

Marehemu alifanya kazi maabara ya maji hadi 1997, alipoajiriwa kuwa mkemia wa kiwanda cha kutia rangi vitambaa. Maji ya kiwanda yalitoka mekundu leo, kesho ya bluu, na yote yaliingia mtoni. Alijua upo unga unaovunja rangi ukikorogwa majini na kupigwa na jua, ila ni laini mno. Maji yakienda, nao umekwenda. Akatengeneza wake, mweusi, wenye feraiti ndani, yaani madini ya chuma yanayoshikwa na sumaku. Rangi ikishavunjika, sumaku inateremshwa, unga unapanda wenyewe, unaoshwa, unakaushwa, kesho unatumika tena. Wageni waliokuja kiwandani kuuona walipiga makofi. Yeye alikuwa ameinamia mizani, akipima unga uliorudi. "Unga haupotei," alikuwa akisema, "unapotezwa." Wafanyakazi wakamwita Bwana Mizani.

Mimi nilikuwa mtunza stoo wake. Juni 2011 tulianza kuweka gramu mia mbili asubuhi na kukusanya mia na tisini jioni, siku nyingine pungufu ya hapo. Mwezi ulipokwisha zilikuwa zimepotea gramu karibu mia tatu. Wakati huohuo kiwanda jirani kikaanza kujigamba kwamba maji yake ni safi. Ufunguo wa chumba cha kukaushia tulikuwa nao wawili tu.

"Mdogo wangu, unga unakwenda wapi?"

"Muulize sumaku yako, kaka."

Lilikuwa jibu baya, nakiri. Akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akanyoosha mkono nimpe ufunguo. Ijumaa iliyofuata niliacha kazi. Kwa miaka kumi tuliongea habari za mvua na presha ya mama, basi. Watu walinong'ona, na mnajua tena: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wengine wenu mliopo hapa mlinong'ona. Niliumia sana.

Machi 2021 fundi wa pampu alifungua pampu kuukuu iliyokuwa imetupwa nyuma ya kiwanda, akitafuta vipuri. Ndiyo iliyokuwa ikizungusha maji ya unga mwaka ule, na ndani ilikuwa na sumaku yake. Unga mweusi ulikuwa umeganda humo, mgumu kama ukoko wa sufuria. Fundi alimwita kaka akauone, na baadaye akanieleza mimi. Nilisubiri kaka aje. Alikuja, Jumapili baada ya Jumapili, akakaa sebuleni kwangu, akauliza habari za goti langu, akaaga. Neno lenyewe hakulisema. Mimi nami nikashuku kwamba amekuja kupekua. Ugonjwa huo ni wa ukoo.

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa. Madaktari aliwahoji kama wezi, na kila kidonge alikihesabu mwenyewe. Mwezi uliopita, wodini, alinisukumia kichupa. "Nihesabie wewe." Nikahesabu: kumi na nane. Hakurudia kuhesabu. Ndipo akaniambia nimsomee wasifu siku ya maziko.

"Kwa nini mimi?"

"Wewe huniamini. Hutanipamba."

Alifariki Jumatano, tarehe 6 Novemba 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Hapa ndipo maandishi yangu yalipoishia. Orodha ya aliowaacha aliiandika mwenyewe, akamkabidhi shemeji aipeleke kwa mpiga chapa bila kunionyesha. Nimeiona leo asubuhi, kama ninyi, ukurasa wa mwisho wa ratiba mliyoshika. Naisoma ilivyo:

"Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, na mdogo wake mmoja, ambaye hakuchukua hata gramu moja."

Ningependa kuyasikia maneno haya kwa mdomo wako. Nimeyapokea hivyohivyo. Lala kwa amani, kaka.